Chagua Jiko Kabla ya Chuo: Namna ya Kusomea Upishi na Kazi za Hoteli Dar es Salaam

Chuo changu cha kwanza kilikuwa na jiko moja la gesi lenye mafiga manne, na sisi wanafunzi tulikuwa arobaini na mmoja. Mkufunzi alisimama mbele akapika, sisi tukanakili: vitunguu viwili, nyanya tatu, chumvi kiasi. Mwaka ulipoisha nilikuwa na daftari lililojaa na cheti chenye muhuri. Siku ya kwanza ya fildi, yaani mazoezi ya kazini, kwenye hoteli moja ya ufukweni, shefu aliniwekea kuku mzima kwenye kibao akasema, "Nitolee vipande vinane." Nikaanza kukata mfupa wa paja. Kisu kikagoma, nikaongeza nguvu, kuku akateleza mpaka ukingoni mwa meza. Sikujua kwamba kisu hakipiti kwenye mfupa, kinapita kwenye kiungo, pale unapolikunja paja kwa nje likalia "kwa!" na kifundo kikajitokeza chenyewe. Shefu alinipokonya kisu, akamaliza kazi ile bila haraka wala jasho, kisha akanipeleka kwenye magunia ya viazi. Nilimenya viazi wiki tatu.

Ada ya mwaka ule mama yangu aliilipa kwa kuchoma vitumbua Temeke, kuanzia saa kumi ya alfajiri. Ndiyo maana mtoto wa dada yangu aliponiambia mwaka jana kwamba anataka kusomea upishi, sikumwachia atafute chuo kwa mabango ya barabarani. Tulizunguka pamoja. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyomwambia na yale tuliyoyaona, kwa ajili ya kijana anayetaka kazi hii na mzazi atakayeilipia.

Hatua ya kwanza: kapike kwa watu kabla hujachukua fomu

Nenda kwa mama lishe anayejaza watu, au kwa mpishi wa shughuli anayepikia harusi na hitima, umwombe ukamsaidie wiki mbili au tatu. Usidai malipo, omba kazi. Utajua kama unaweza kuamka usiku, kusimama kwa miguu yako saa tisa mfululizo, kuvumilia moshi, na kusemwa mbele za watu huku mchele unaendelea kuiva. Kumpikia shangazi akija Jumapili kuna raha yake, lakini kupikia watu 200 ambao wote wana njaa kwa wakati mmoja ni jambo lingine kabisa, na ndilo utakalofanya.

Binti yetu alikwenda kwa mama mmoja Buguruni. Siku ya tatu alirudi nyumbani na lengelenge kiganjani. Nikadhani ameshachoka. Akaketi akaniuliza, "Mamdogo, yule mama anapimaje maji ya wali kwa kidole tu, na sufuria kila siku si ileile?" Hapo nikajua tunaweza kuanza kutafuta chuo.

Hatua ya pili: amua ni mlango gani unaingilia

Watu wanasema "kusomea hoteli" kana kwamba ni kazi moja. Kuna jiko lenyewe. Kuna mikate na keki, ambayo ni fani ya peke yake, ya watu wanaopenda mizani na vipimo kuliko kuonja na kuongeza. Kuna huduma ya chakula na vinywaji, yaani mezani na kaunta. Kuna mapokezi. Na kuna usafi wa vyumba na ufuaji, ambao vijana wengi hawautaki, wakidhani ni kufagia tu. Hapo wanakosea. Mtu wa vyumba kwenye hoteli kubwa hukabidhiwa vyumba kama 12 hadi 16 kwa zamu, kila kimoja kwa mpangilio uleule hadi mkunjo wa taulo, na hakuna hoteli inayoweza kukaa hata siku moja bila kazi hiyo kufanyika. Anayeifanya kwa nidhamu hupanda cheo kuwa msimamizi, na nafasi za huko hazigombewi kama za mapokezi.

Kama hujaamua, tafuta kozi ya ukarimu ya jumla ambayo mwaka wa kwanza inakuzungusha idara zote. Kama umeshaamua kwamba ni jiko, basi chukua upishi, usijichoshe.

Hatua ya tatu: jua ngazi, na uhakikishe chuo kiko juu yake

Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET, ndilo linalosajili vyuo na kusimamia tuzo hizi. Zamani lilikuwa NACTE, na wazee wengi bado wanaliita hivyo. Ngazi ziko za aina mbili.

Ya kwanza ni ya ufundi stadi, ngazi ya 1 hadi ya 3. Hii ni ya mikono zaidi, na aliyeishia darasa la saba naye ana mahali pa kuanzia. VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, wanaitoa, na vyuo vingi binafsi pia. Kwa Dar es Salaam, pa kuanzia kuuliza ni kituo cha VETA cha Chang'ombe. VETA wana pia chuo chao mahususi cha hoteli na utalii, ila kiko Njiro, Arusha, kwa hiyo upige hesabu ya malazi.

Ya pili ni ya ufundi: ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada. Kila ngazi ni takriban mwaka mmoja, kwa hiyo aliyetoka kidato cha nne anafika stashahada kwa miaka mitatu. Kuingia ngazi ya 4 kunahitaji ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne, kuanzia alama D, na masomo ya dini hayahesabiwi. Wazazi wengi wanaumia hapa: mtoto ana D nne, moja ni ya dini, mtu wa ofisini anapokea fedha ya fomu bila kusema neno, na baadaye jina halitoki. Hesabu D zako mwenyewe kabla hujalipa.

Cha serikali kinachojulikana zaidi kwa kazi hii ni Chuo cha Taifa cha Utalii, kilicho chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Hapa jijini kina kampasi mbili, ya Bustani katikati ya mji na ya Temeke, na nyingine ziko Arusha na Mwanza. Anayetaka shahada baadaye anaweza kuendelea vyuo vikuu. Chuo Kikuu Huria, kwa mfano, kina shahada ya utalii, na mtu huisoma huku akiwa kazini. Ila nakusihi usiikimbilie shahada kabla mikono haijajua kazi. Nimeona wahitimu wa shahada wanaosimamia jiko ambalo hawawezi kulipika, na wapishi wanalijua hilo kabla ya saa sita mchana.

Vyuo binafsi ni vingi, na vizuri vipo. Ulizia namba ya usajili, kisha uitafute wewe mwenyewe kwenye tovuti ya NACTVET. Angalia na kozi, kwa sababu chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa lakini kozi unayouziwa haijaidhinishwa.

Na kama wewe umeshapika miaka mingi mtaani au hotelini bila cheti, huhitaji kurudi mwanzo. VETA wana utaratibu wa urasimishaji ujuzi: unapimwa kwa kazi unayoijua, unaambiwa palipopungua, ukifaulu unapewa cheti. Namjua mama mwenye miaka zaidi ya hamsini aliyekipata kwa njia hiyo, akakitundika ukutani juu ya majiko yake ya mkaa, na sasa anaomba zabuni za chakula maofisini.

Hatua ya nne: ingia jikoni kwao

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiruka nyingine zote, hii usiiruke.

Usiende siku ya kufungua milango kwa wageni, siku ambayo kila kitu kimepangwa. Nenda Jumanne au Jumatano ya kawaida, saa za mazoezi, uombe kuliona jiko. Salimia vizuri, jieleze, sema wewe ni mzazi au mwanafunzi mtarajiwa. Chuo kinachojiamini kitakupa koti na kofia uingie. Kinachokuambia jiko linafanyiwa ukarabati, muulize ukarabati unaisha lini, urudi siku hiyo.

Ukishaingia, hesabu mafiga yanayowaka, kisha hesabu wanafunzi. Wanafunzi wawili au watatu kwa figa moja, watu watapika. Wakiwa kumi, wawili watapika na wanane wataangalia, na wanane hao ndio mimi wa enzi zile.

Angalia vibao vya kukatia. Jiko linalofundisha kazi ya hoteli lina vibao vya rangi: chekundu cha nyama mbichi, cha bluu cha samaki, cha kijani cha saladi na matunda, cha kahawia cha mboga za kupika, cha njano cha nyama iliyoiva, cheupe cha mikate na vitu vya maziwa. Viwepo, na viwe na alama za visu. Kibao kisicho na mikwaruzo kimekaa kabatini kikisubiri wageni.

Fungua friji kama watakuruhusu. Kuna karatasi ya joto mlangoni, imejazwa leo? Nyama mbichi iko chini na iliyoiva iko juu? Kipimajoto cha chakula kiko wapi? Sinki la kunawia mikono liko peke yake na sabuni ipo, au wananawia kwenye vyombo? Mitungi ya gesi iko nje? Kizima moto kipo, na mwanafunzi yeyote ukimuuliza anajua kukitumia?

Tulifika chuo kimoja chenye jiko zuri kwa macho, vigae vyeupe, masufuria yamepangwa kwa ukubwa kama wanafunzi mstarini. Binti akapitisha kidole kwenye kifuniko cha sufuria kubwa. Kidole kikatoka na vumbi. Hakusema kitu mpaka tulipofika kituoni, akasema, "Mamdogo, ile sufuria haijawahi kuona moto." Fomu tulikuwa tumeshaichukua. Tuliiacha.

Kisha uliza swali moja ambalo kwangu linashinda mengine: chakula mnachopika, nani anakila? Kikiliwa na wanafunzi wenyewe, ni sawa. Kikiuzwa kwa wateja, katika mgahawa wa chuo unaofunguliwa saa saba mchana, hapo kuna shule. Mteja aliyelipa hangoji. Anarudisha sahani ikiwa imepoa. Mwanafunzi aliyerudishiwa sahani mara tatu hujifunza kitu ambacho ubao hauwezi kumfundisha.

Uliza pia kuku wa mazoezi ananunuliwa na nani. Vyuo vingine ada inaonekana ndogo kwa sababu kila wiki wanafunzi wanachangishwa viungo, na asiye na mchango anaangalia. Na muulize mkufunzi, kwa heshima, alipika wapi kabla ya kufundisha. Atafurahi kukusimulia kama alipika. Mwisho, wasubiri wanafunzi nje saa ya chai, mbali na ofisi, uwaulize: mmewasha moto mara ngapi wiki hii?

Hatua ya tano: fedha

Dai karatasi ya gharama zote kwa maandishi: ada, usajili, mtihani, sare, viatu, visu, viungo vya mazoezi, bima, fildi. Ada iliyoandikwa kwenye tangazo ni sehemu tu ya mzigo. Viatu usivihurumie. Nunua vilivyofunika vidole na visivyoteleza, kwa sababu mafuta ya moto yakimwagika miguuni kandambili haikusaidii. Koti mbili zinatosha ukifua kila jioni. Kisu kimoja cha shefu cha inchi 8 chenye chuma kizuri na jiwe la kunolea ni bora kuliko boksi la visu kumi na viwili vya Kariakoo ambavyo baada ya mwezi haviwezi kukata nyanya.

Weka na fedha ya kupima afya. Anayeshika chakula cha watu anatakiwa kupimwa, na hotelini utarudia kila baada ya miezi sita.

Hatua ya sita: muhula wa kwanza, jifunze vitu vitatu hadi viingie mwilini

Cha kwanza ni kisu. Sisi wengi tumekulia kukatia kitunguu mkononi, juu ya sufuria, na mama zetu ni hodari kwa hilo. Chuoni utaambiwa uache. Tandaza kitambaa chenye unyevu chini ya kibao kisiteleze. Kata kitunguu katikati kuanzia shinani, menya, lakini shina usilitoe, maana ndilo linaloshika matabaka pamoja. Kunja vidole vya mkono wa kushikia kama makucha ya paka, kucha ziangalie ndani, ubavu wa kisu uguse vifundo vya vidole. Hapo kisu kinaongozwa na vifundo na hakiwezi kupanda juu ya kidole. Piga mikato ya wima, kisha ya kukingama, kitunguu kinadondoka vipande sawasawa. Usitafute kasi. Tafuta usawa, kasi inakuja yenyewe mwezi wa tatu. Usawa una sababu: vipande visivyolingana haviivi pamoja, vidogo vinaungua vikubwa bado vibichi, na mchuzi unakuwa mchungu. Karoti utazikata vijiti vyembamba kama njiti za kiberiti, wakufunzi wanaviita juliene, na vijiti hivyo ukivikata tena unapata vitone vya milimita mbili au tatu, brunuazi. Majina ni ya Kifaransa kwa sababu mpangilio wa majiko ya hoteli, kila mtu na kituo chake chini ya shefu mmoja, ulipangwa na Mfaransa Auguste Escoffier aliyefariki mwaka 1935. Ukiyajua majina hayo utaelewana na shefu wa Lebanon, wa India au wa Afrika Kusini, na hapa mjini utawakuta wote.

Cha pili ni joto. Kati ya nyuzi 5 na 60 za selsiasi vijidudu huzaliana kwa raha, na Dar es Salaam karibu mwaka mzima hewa yenyewe iko katikati ya namba hizo. Hilo lipo hata kama jiko linang'aa. Kuku aive hadi nyuzi 75 katikati ya nyama nene. Supu iliyobaki isifunikwe moto ikaachwa juu ya meza hadi asubuhi. Igawe kwenye vyombo vifupi, iweke kwenye maji ya barafu, ishuke kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha ifike 5 ndani ya saa nne zinazofuata.

Na wali. Nataka niseme kuhusu wali, kwa sababu kiporo tumekipenda tangu utotoni na tunakiamini. Mchele una kijidudu ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa nje usiku kucha, mbegu zinaamka, zinatengeneza sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha wali mpaka uungue. Kwa hiyo anayesema "nimeupasha vizuri" hajatatua kitu. Ndani ya jiko la hoteli wali uliolala nje unatupwa, hata kama ni ndoo nzima na roho inauma. Utafundishwa haya chini ya jina HACCP, mfumo wa kuangalia hatua zenye hatari ambao ulianzia kwenye chakula cha wanaanga wa Marekani miaka ya 1960. Jina linatisha, lakini kazi yake ni hiyo: kujua ni hatua gani inaweza kumuua mtu, na kuipima kila siku kwa kipimajoto, kisha kuandika.

Cha tatu ni hesabu. Wengi wetu tulikimbilia upishi tukidhani tumeikwepa. Kama umenunua kilo ya viazi kwa shilingi 1,500 na baada ya kumenya zimebaki gramu 800, kilo yako halisi ni shilingi 1,875. Samaki mzima anapoteza zaidi ya hapo, kichwa na miiba. Majiko mengi ya hoteli hulenga gharama ya viungo isipite takriban theluthi ya bei ya sahani. Mpishi anayejua hizi namba anaitwa kwenye kikao cha menyu. Asiyejua anaitwa kumenya.

Nje ya darasa, tembelea masoko. Feri nenda alfajiri, mnada ukiwa umechangamka, ujifunze samaki: jicho liwe angavu na limejaa, shavu la ndani jekundu, nyama ukibonyeza irudi. Ndizi zina soko lake Mabibo. Ukishajua msimu wa kila kitu na bei yake, utapanga menyu kwa akili.

Na usidharau chakula cha nyumbani kwa sababu umejifunza besameli, ule mchuzi mweupe wa maziwa na unga. Samaki wa kupaka anataka ujuzi uleule wa mafuta na moto. Tui la pili linatangulia na viungo, tui zito linaingia mwisho, moto mdogo, unakoroga bila kuacha, likichemka kwa nguvu linakatika na mafuta yanaelea. Mgeni aliyetoka mbali hataikumbuka besameli ya Masaki. Mwombe bibi yako akufundishe, na uandike vipimo, kwa kuwa yeye hajawahi kuviandika.

Kiingereza nacho kifanyie kazi kila siku. Oda zinaandikwa kwa Kiingereza, na maneno ya mzio lazima uyaelewe bila kubahatisha. Mgeni akisema karanga zinamdhuru, kijiko kilichogusa mchuzi wa karanga kinaweza kumpeleka hospitali. Vivyo hivyo kwa halali: sehemu kubwa ya wateja wa mji huu wanategemea kwamba kisu na sufuria havikugusa nguruwe, na dhamana hiyo iko mikononi mwako hata kama wewe unakula.

Hatua ya saba: fildi

Anza kuitafuta miezi mitatu kabla, usingoje barua ya chuo. Tafuta hoteli yenye karamu nyingi au mgahawa unaojaa, kuliko yenye jina tu. Kama chuo kina mpango wa uanagenzi, ambapo mwanafunzi anagawa muda wake kati ya darasa na hoteli kwa muda mrefu, uchukue. Mimi naona ndiyo njia bora iliyopo.

Siku ya kwanza fika nusu saa mapema. Salimia kila mtu, hasa waosha vyombo. Ndio watakaokuonyesha kila kitu kilipo. Beba kijidaftari cha mfukoni na kalamu mbili. Panga kituo chako kabla ya oda kuanza, kila kiungo kimekatwa na kiko mahali pake, kitambaa kulia, maji ya kunawa karibu. Ukipita nyuma ya mtu na sufuria ya moto, tamka kwa sauti: "Moto nyuma!" Ukiungua, maji yanayotiririka dakika 20, si dawa ya meno wala unga.

Wasichana, na wavulana pia, nasema wazi: hakuna mtu mwenye haki ya kukudai mwili wako ili akujazie kitabu cha fildi au akupe kazi. Hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa la jinai, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea malalamiko yake. Andika tarehe na maneno aliyoyasema, mwambie mkufunzi unayemwamini na mtu mzima wa nyumbani siku hiyohiyo. Mzazi, mtoto akikuambia hataki kurudi fildi, muulize taratibu kwa nini kabla hujamwita mvivu.

Hatua ya nane: kazi ya kwanza

Hoteli nzuri haitakuajiri kwa cheti peke yake. Itakuita ujaribiwe siku moja, na utaambiwa upike kitu rahisi: kimanda, supu, wali mweupe. Wanaangalia kama unanawa mikono bila kuambiwa, kama unaonja kwa kijiko safi kila mara, kama kibao chako ni kisafi ukimaliza.

Mkataba usome kabla ya kusaini. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Kazi ya usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Sikukuu ya kitaifa ukifanya kazi unalipwa mara mbili. Likizo ni siku 28 kwa mwaka. Ukifanya kazi saa tano mfululizo una haki ya kupumzika saa moja. Uliza michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inaanza mwezi gani, kisha uende wewe mwenyewe ukahakikishe imeingia. Wafanyakazi wa hoteli wana chama chao, CHODAWU, na ni vyema ukijua tawi lako lina viongozi gani kabla hujapata tatizo.

Binti yetu anajaribiwa Alhamisi ijayo, hoteli moja ya Mbezi Beach. Jana usiku alinoa kisu chake sebuleni, akanunua kuku wawili wa mazoezi pale sokoni, mmoja akamtoa vipande vinane mbele yangu. Alilikunja paja kwa nje, kiungo kikalia, kisu kikapita. Wa pili alinipa mimi.